Sakafu za Watu, Magoti Yetu

Jumanne iliyopita nilikuwa napita Mbugani kwenda kununua dawa ya kuchua, nikamwona fundi mmoja amepiga magoti matupu juu ya zege. Suruali ameikunja hadi mapajani kwa ajili ya joto, goti limekaa juu ya kokoto, mkono mmoja una mwiko na mwingine una simu. Nikamuuliza pedi zake ziko wapi. Akacheka, akasema, "Mzee, sisi damu bado inachemka." Nilitaka kumweleza kwamba damu haihusiki hapa. Ndani ya goti kuna mfupa, kuna gegedu, kuna kifuko kidogo cha majimaji, na gegedu likishalika halioti tena kama nywele. Lakini nilikuwa nimesimama muda mrefu na goti langu la kushoto lilikuwa limeshaanza kulalamika, kwa hiyo nikaenda zangu. Dukani nilinunua dawa na daftari.

Daftari lenyewe ndilo hili. Nawaandikia ninyi mafundi wa sakafu mliobaki Kyela, kwa sababu kwa mdomo hamnisikii. Nikisema mnaitikia "sawa mzee", nikigeuka mnavua pedi mnazikalia wakati wa kunywa chai. Labda maandishi mtayaogopa kidogo.

Nimeacha kazi mwaka huu, kabla ya masika. Fundi wa sakafu hapewi barua ya kustaafu wala hotuba. Anastaafu siku anapopiga magoti halafu hainuki, wenzake wanamwinua kwa kumshika makwapa, wanacheka, naye anacheka, kisha anakwenda nyumbani harudi. Watu wanaponiona natembea kwa kuchechemea wanadhani hiyo ndiyo hadithi yangu. Wanasema nimeacha kazi kwa sababu ya magoti. Ni kweli, ila wanakosea ni magoti ya nani.

Nianze na Fundi Idi. Wazee wake walikuja Kyela kutoka Tanga na vitambaa vya kuuza, ukoo mzima ukawa wa wenye maduka, yeye peke yake akachagua simenti. Nilienda kwake nikiwa nimemaliza darasa la saba muda si mrefu, nina miguu mirefu na kiburi kirefu kuliko miguu. Siku ya kwanza sikushika mwiko. Alinipa kisu, kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori, blanketi kuukuu na sindano ya kushonea magunia, akaniambia nitengeneze pedi za magoti yangu mwenyewe.

"Mimi nimekuja kujifunza sakafu," nikamwambia.

"Ndiyo hii sakafu," akasema. "Inaanzia gotini."

Nilishona siku mbili. Pedi ya kwanza aliitupa jalalani kwa sababu niliweka kamba moja tu, ikapita katikati, nyuma ya goti, mahali pale panapokunjika. Akanifunga nayo, akaniambia nichuchumae hesabu ya mia. Sikufika mia, mguu ulikufa ganzi. Kamba ni mbili, moja juu ya goti na moja chini, na nyuma ya goti pabaki wazi. Nimeona pedi za dukani, za plastiki ya kung'aa, zina kamba ileile niliyotupiwa jalalani, na mnazinunua mnafurahi.

Fundi Idi alikuwa na sababu yake, wala hakuificha. "Haya magoti nampigia Mwenyezi Mungu mara tano kwa siku," alisema. "Wenye nyumba nawaazima tu. Nataka wanirudishie yakiwa mazima." Kwa hiyo alifanya kazi kama mtu anayelinda mali ya mtu mwingine. Kila alipomaliza mstari mmoja aliinuka, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Hakukalia visigino kutwa nzima. Hakujizungusha kuchukua kitu kilicho nyuma yake wakati goti limebana sakafuni, maana goti linajua kukunja na kunyoosha, halijui kupinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Vifaa vyote alivipanga mbele, hata ndoo. Na alipoinuka aliweka unyayo mmoja chini kwanza, akasukuma paja kwa mkono, akapanda taratibu kama mtu anayetoka kwenye mtumbwi. Sisi wengine tulikuwa tunaruka juu kama mbuzi. Nilimwona mzee mwoga.

Niliacha kumwona mwoga kule Busale. Mkulima mmoja wa kakao alitaka uwanja wa kuanikia, zege pana lililopigwa niru, yaani simenti laini ya juu, ili punje zisikwaruzike. Fundi Idi alikuwa na homa, akaniacha nisimamie. Jua lilikuwa kali, zege linakauka mbio, na mimi nikaona ubao wa kupigia magoti unanichelewesha. Nikauweka pembeni. Pedi nazo zilikuwa zimelowa, nikavua. Nikapiga magoti ndani ya simenti mbichi asubuhi mpaka adhuhuri, sikusikia maumivu yoyote, nikawa najisifu moyoni. Simenti mbichi haikuambii kitu. Ina ukali wa chokaa, inakula ngozi polepole huku ukiimba. Jioni nilipokunja suruali, ngozi ya magoti yote mawili ilitoka na kitambaa.

Fundi Idi alikuja kuniona amejifunga shuka, bado anatetemeka. Akatazama magoti yangu. "Ulinawa saa ngapi?" akauliza. Nikamwambia jioni. Akasema, "Simenti ikikugusa unanawa wakati uleule, kwa maji mengi, na suruali unavua hata kama mama mkwe anapita." Halafu akakasirika sana, akarudi kwake kulala. Makovu ninayo hadi leo. Nimewaonyesha wengi wenu, na wengi wenu mlisema, "Duh, pole," kisha mkaendelea kupiga magoti kwenye simenti mbichi.

Lazima niseme pia ujinga wangu mwingine, ili msidhani nawasema ninyi tu. Niliwahi kujiona mvumbuzi, nikashona pedi zilizojazwa pumba za mpunga. Pumba hapa kwetu ni kitu cha kutupa, mashineni zimejaa vilima. Zilikuwa laini siku ya kwanza. Siku ya pili zilianza kuchoma kupita kwenye kitambaa, nikajikuna mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nina upele. Siku ya tatu zililowa, zikachacha, zikanuka. Fundi Idi aliweka tu ndoo yake mbali na yangu.

Alipoacha kazi alinipa pedi zake, zimeshonwa upya mara nyingi mpaka haijulikani kipande kipi ni cha mwanzo. Alifariki akiwa mzee kabisa, na mpaka wiki yake ya mwisho alikuwa anasujudu bila kushikwa. Mimi kanisani naomba nikiwa nimekaa, pamoja na akina mama wajawazito. Kama mnataka ushahidi wa tofauti kati ya anayevaa pedi na anayevaa anapokumbuka, huo unatosha.

Sasa nifike kwa Tumpe, maana ndiye hasa aliyenifanya ninunue daftari.

Vigae vilikuwa vimeshaingia Kyela kwa kasi, kila anayeuza mpunga vizuri anataka sebule inayong'aa. Nilikuwa na kazi Ipinda, na binti huyu alikuja kama kibarua wa kuchanganya udongo, yaani mchanga na simenti. Siku ya tatu alisimama nyuma yangu na karai kichwani, akasema, "Fundi, uzi wako umelegea." Nikamwambia aendelee na udongo. Akasema, "Naendelea, ila umelegea." Nikaugusa uzi wa kunyooshea mistari. Ulikuwa umelegea. Wiki iliyofuata nilimpa mwiko, na mwisho wa mwaka nilimpa pedi za Fundi Idi. Hakuna fundi wangu mwingine aliyewahi kuvaa pedi bila kuambiwa mara ya pili. Alikuwa akizifunga kabla ya kufunga kilemba.

Miaka saba tulifanya kazi pamoja na miaka saba alinibishia. Alisimama mikono kiunoni akaniambia maji ya bafu hili hayatakwenda kwenye tundu, akaniambia kigae hiki nimekikata vibaya, akaniambia nimechoka nikae. Mara nyingi alikuwa sahihi na mara zote alikuwa na kelele. Nilikuwa nakwenda kazini nikijua kuna mtu atakayenizuia nisiharibu kitu.

Halafu mwanangu Lusajo, ambaye ni fundi umeme, akaja kuvuta nyaya kwenye nyumba tuliyokuwa tunaijenga. Zile nyaya zilichukua muda mrefu kuliko nyaya zozote nilizowahi kuona. Baadaye wakafunga ndoa. Nilifurahi kwelikweli, nilicheza, nilikula. Nilikuwa nimepata mkwe ambaye tayari namjua na namheshimu.

Tulirudi kazini wiki mbili baada ya harusi. Nikaingia chumbani na pimamaji yangu. Tumpe akaacha nyundo, akafungua kamba za pedi, akaziweka pembeni, akapiga magoti kwenye sakafu tupu, macho chini. Nikadhani ameangusha kitu.

"Mugonile, tata," akasema. Umeamkaje, baba.

Nikabaki na pimamaji mkononi. Kwetu mke wa mwana humheshimu baba mkwe kupita watu wote, hilo nililijua, nimezaliwa nalo. Sikuwa nimelifikiria likiingia kwenye chumba chenye kokoto. Nikamwambia ainuke. Akainuka, akavaa pedi, akaendelea. Nikatoka kwenda kutazama mchanga, nikarudi. Akavua pedi, akapiga magoti.

Nilimuuliza kwa nini basi asinisalimie akiwa amezivaa. Alijibu akitazama ukuta, "Baba, nitakusalimuje na matairi miguuni? Si kama mwanamume kumsalimu mzee na kofia kichwani?"

Nikamwambia mara moja asubuhi inatosha. Akakubali, isipokuwa pale ninapokuwa nimetoka mahali. Na mimi msimamizi natoka mahali siku nzima. Natoka dukani kununua diski ya grenda, natoka kwa mwenye nyumba, natoka chooni. Yule mtu aliyekuwa akilinda magoti yake kuliko mafundi wote wa wilaya hii alikuwa anayavua ulinzi kwa ajili yangu, mara kumi kwa siku, mahali penye vipande vya vigae. Na kubisha kuliisha kabisa. Nikisema jambo, anasema ndiyo baba. Nikikosea, ndiyo baba. Niliumia, niseme wazi. Nilimkosa fundi wangu akiwa mbele ya macho yangu.

Ajali ilitokea kwenye nyumba ya wageni huko Matema, ufukweni. Tulikuwa tumekata vigae chumbani kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa unatupiga na vumbi nje. Niliingia. Akavua, akapiga magoti, akasalimia salamu yote mpaka mwisho, na aliponyanyuka damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Kipande cha kigae kilikuwa kimeingia chini ya goti. Alikichomoa kwa vidole, akavaa pedi juu ya kidonda, akaendelea na kazi, kwa sababu mkwe halalamiki mbele ya baba mkwe. Angekuwa bado ni kibarua wangu wa Ipinda, kelele zake zingesikika Malawi.

Baada ya siku tano goti lilivimba kama papai. Daktari aliyelipasua alitoa usaha, akampa dawa, akamkataza kupiga magoti kwa wiki sita. Kisha akanivuta pembeni. "Safari hii ni kifuko cha nje," akasema. "Usaha ukiingia ndani ya kiungo hatutazungumza habari za kazi. Tutazungumza kama atatembea." Nikaingia wodini kumpa pole. Tumpe aliponiona akaanza kushusha miguu kitandani ili apige magoti. Niligeuka nikatoka mbio, mzee mzima, nikamsalimia kupitia dirisha nikiwa nimempa mgongo.

Nyumbani nilileta jambo hilo mbele ya mke wangu. Nikasema Tumpe akipona asinipigie magoti tena.

"Asikupigie magoti kwani wewe nani," akasema Mama Lusajo, "balozi wa nyumba kumi? Mimi baba yako nilimpigia mpaka tunamzika."

"Ulimpigia kwenye nyasi. Na hukuwa fundi vigae."

"Kwa hiyo watu waseme mkwe wangu hana adabu?"

"Wataonaje? Tunakuwa ndani, mlango umefungwa."

"Tumpe mwenyewe ataona," akasema mke wangu.

Nikamfuata Lusajo aongee na mkewe. Lusajo alinitazama kama ninamwambia ashike waya wenye moto. Akasema yeye yuko katikati, aachwe hapo hapo katikati. Wiki sita zikaisha, Tumpe akarudi kazini, kovu bado jekundu, nikajaribu mbinu zangu. Nilianza kukohoa kabla ya kuingia ili ajue sihitaji salamu. Ikawa vibaya zaidi, kikohozi kilimpa muda wa kufungua kamba zote nne. Nikatandika gunia mlangoni apigie hapo. Akaona si heshima kunisogeza mimi mpaka kwenye gunia. Nikatuma maagizo kupitia mafundi wengine, na maagizo yakafika yamegeuka kichwa chini, tukaweka vigae vya jikoni sebuleni.

Siku ile ya vigae vya jikoni nilirudi nyumbani nimechoka na dunia nzima. Nikamkumbuka mama yangu. Nilipokuwa mdogo nilimwona mara nyingi akiwa na mtungi kichwani, babu mzaa baba akitokea mbali njiani, naye mama anakata kona na kuingia migombani mpaka mzee apite. Ndivyo ilivyokuwa zamani, mkwe na baba mkwe hawakukutana uso kwa uso kabisa. Nilikuwa namcheka. Nilisoma shule, nikaona ni mambo ya ujinga. Lakini nikiwaza vizuri, mama yangu hakumpigia babu magoti hata mara moja. Asingeweza kumpigia magoti mtu ambaye hakuonana naye.

Asubuhi nilimpelekea Lusajo sanduku langu la vifaa, pimamaji, uzi, nyundo za mpira, rula zote. Nikamwambia ampe mkewe, awe msimamizi, mimi nimeacha. Akaniuliza kama ni magoti. Nikamwambia ndiyo, ni magoti.

Miezi miwili nilikaa nyumbani bila kujua anaendeleaje, na hilo lilinila kuliko kazi yenyewe. Wiki iliyopita uvumilivu uliniishia. Alikuwa na kazi Busale, sebule ya mwalimu mmoja, na nyuma ya nyumba ile kuna migomba. Nilishuka bodaboda mbali, nikazunguka, nikaingia migombani kwa kuchechemea, majani makavu yakilia chini ya miguu yangu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nilimwona Tumpe amenipa mgongo, amepiga magoti, anagonga kigae. Pedi za Fundi Idi amezivaa, kamba mbili, juu na chini.

Nikampigia simu. Aliitazama, akaweka nyundo chini, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya pedi.

"Mugonile, tata."

"Usivue," nikasema.

Mkono ukasimama. Upepo ulikuwa unapita migombani na nina hakika aliusikia mara mbili, kwenye simu na mlangoni. Shingo yake ikaanza kugeuka. Ikaishia njiani. Akarudisha uso ukutani, kisha mkono ukaiacha kamba.

"Upo wapi, baba?"

"Nipo nyumbani."

"Sawa," akasema. "Nilikuwa nataka kukuuliza habari ya mlango wa mbele."

"Anzia pale mlangoni na nusu kigae," nikamwambia.

"Hapana, Fundi," akasema Tumpe. "Nusu inakwenda kule pembeni chini ya kabati, mlangoni kinakaa kizima. Wewe ndiye uliyenifundisha, leo umesahau?"

Ndivyo inavyotakiwa, na nilikuwa nimekosea. Nikamwambia afanye anavyoona. Akakata simu, akaokota nyundo, akamaliza mstari wote akiwa amenipa mgongo na pedi zake magotini. Alipofika mwisho aliweka unyayo mmoja chini, akasukuma paja kwa mkono, akainuka taratibu, akaenda chumba cha pili bila kutazama nyuma, ili nipate nafasi ya kutoka migombani.